Bailojia haisomwi kwa thawabu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa bailojia katika skuli moja ya sekondari Wilaya ya Wete, Pemba, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikishika chaki. Kila matokeo ya mitihani yanapotoka huwa nausoma ukurasa huu wa barua, na karibu kila mwandishi ana mtu wake wa kumlaumu: mzazi, simu, mtoto mvivu, mwalimu wa Kiingereza. Nakuomba nafasi nimtaje mtu ambaye bado sijamwona akitajwa. Ni mimi.

Nianze na Jumatatu moja, kipindi cha pili, Kidato cha Pili. Wanafunzi 58, vitabu 11. Tulikuwa kwenye mada ya moyo. Nikamwita kijana mmoja asimame atusomee aya. Akasoma vizuri mno. Kiingereza kilimtoka bila kukwama, penye mkato akavuta pumzi, penye nukta akatua. Nikamwambia, "Ahsante. Haya, umesoma nini?" Akanitazama, akakitazama kitabu, akanijibu kwa adabu kabisa: "Nimesoma aya ya tatu, mwalimu."

Darasa halikucheka. Ndilo lililonishitua. Watoto wale hucheka hata mjusi akianguka kutoka darini, lakini jibu lile hakuna aliyeliona kuwa lina kasoro.

Kijana mwenyewe namjua mpaka kwao. Alihitimu Kurani ana miaka kumi na moja, na akisoma watu wazima huinamisha vichwa. Katika chuo cha Kurani alifunzwa kuipa kila herufi haki yake, na kila herufi ina thawabu zake hata kama msomaji hajui tafsiri. Hilo sina neno nalo, nami nimepita njia hiyo hiyo, na fimbo ya maalim wangu bado naikumbuka. Lakini kitabu cha bailojia hakina thawabu ya herufi. Ukikisoma usikifahamu umerudi mikono mitupu. Na tangu darasa la kwanza mpaka anafika kwangu, hapana aliyekaa naye akamwambia kwamba huku kuna kusoma kwa namna nyengine. Mwalimu wa Kiswahili alimwona anasoma, akajua huyu keshajua. Wa Kiingereza naye hivyo hivyo. Mimi nikasema moyoni, hiyo si kazi yangu, mimi nasomesha moyo na mapafu.

Nilisema kwa mdomo pia. Katika kikao cha walimu, mbele ya mwalimu mkuu, nilinyanyua mkono nikalalamika kwamba wanafunzi hawajui kuunganisha hata sentensi mbili, na kwamba wenzetu wa lugha watueleze wanafanya nini huko madarasani. Maalim wetu wa Kiswahili, mzee anayekaribia kustaafu, alingoja nimalize. Kisha akasema, "Mimi, Bi Mwalimu, nawasomesha insha ya safari na barua ya mwaliko wa harusi. Hizo wanaziandika. Ukitaka wakueleze chakula cha jani kinavyopikwa kwa jua, wafunze wewe. Mimi bailojia niliikimbia nikiwa Kidato cha Pili, na mwalimu aliyenikimbiza alikuwa kama wewe." Watu walicheka. Mimi niliudhika siku mbili, siku ya tatu nikaanza kufikiri.

Tuseme ukweli, Mhariri, namna tunavyosomesha. Naingia darasani, naujaza ubao notsi, wanafunzi wananakili. Naufuta, naujaza tena. Kengele inalia. Buku la mwanafunzi likifika mwisho wa muhula ni zito, lina vichwa vya habari vilivyopigiwa mistari kwa wino mwekundu, na akija mkaguzi analifungua, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anatia saini. Nilichukua buku moja la mwanafunzi wangu mzuri nikalipitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta sentensi moja tu aliyoitunga yeye mwenyewe. Sikuipata. Kurasa tisini na kitu, zote ni maneno yangu, na makosa yangu ya tahajia yamo vile vile nilivyoyaandika.

Kisha tunawapa mtihani. Niliuliza kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu, ni mnene kuliko wa ventrikali ya kulia. Kati ya wale 58, wanafunzi 31 waliniandikia kwamba moyo una vyumba vinne. Ni kweli, moyo una vyumba vinne. Wengine wakanichorea moyo wenyewe, mzuri, wenye rangi. Miaka yote hiyo nilikuwa naweka alama ya kosa na kuandika pembeni "soma swali". Sikuwahi kujiuliza nani aliwafunza kusoma swali. "Taja" na "eleza" kwao ni neno moja. Likija "linganisha" wanaeleza la kwanza mpaka karatasi inakwisha, la pili halipati nafasi. Na maswali yenyewe yako kwa Kiingereza, basi hapo kuna mlango ndani ya mlango.

Najua hapa wapo watakaotaka tuingie kwenye ule mjadala wa lugha ya kusomeshea. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na tangu hapo kila baraza la kahawa lina kauli yake. Mimi nina yangu pia, lakini leo naiweka. Nataka kusema jambo moja tu: hata tukibadilisha lugha kesho asubuhi, mtoto asiyefunzwa kutafuta sababu ndani ya aya hataipata kwa Kiswahili pia. Huko Uingereza, ambako mtoto anasomeshwa kwa lugha ya mama yake, kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilitoa ripoti mwaka 1975 ikataka kila skuli iwe na mpango wa lugha unaopita katika masomo yote, na kila mwalimu awe na fungu lake. Wao, na Kiingereza ni chao. Mkufunzi wetu wa ualimu alitugusia jambo hili kwa dakika tano hivi. Halikuulizwa kwenye mtihani, basi tukalisahau.

Nilichofanya si kikubwa. Kila Alkhamisi, dakika kumi za mwisho, nafuta ubao. Hapana notsi. Wanafunzi wanageuza buku, wanaanza kurasa za nyuma, naandika swali moja, nao wanaandika. Kwanza kwa Kiswahili, mistari wanayoweza. Kisha mistari miwili ya Kiingereza, ile ile fikra, kwa maneno mepesi. Sharti ni moja: katika maandishi lazima liwemo "kwa sababu", au "kwa hiyo", au "lakini". Vijineno hivyo vitatu nimevibandika ukutani kwa karatasi ya boksi.

Alkhamisi ya kwanza ilikuwa msiba. Walikaa wananitazama. Mmoja akauliza, "Tunakili wapi, mwalimu?" Nikamwambia, nakili kichwani mwako. Aliandika jina lake na tarehe, akapumzika.

Alkhamisi ya nne niliwarudishia swali la ventrikali. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye sijapata kumsikia sauti yake tangu mwaka uanze, aliandika hivi: "Upande wa kushoto una ukuta mnene kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, kama pampu ya msikitini inavyopeleka maji mpaka kwenye tangi la juu. Upande wa kulia unapeleka kwenye mapafu, na mapafu yako hapo hapo karibu, kwa hiyo hauhitaji nguvu nyingi." Nilikaa na buku lile ofisini mpaka chai ikapoa. Notsi zangu za miaka kumi na tisa hazina pampu ya msikitini. Na ukitafakari, mtoto aliyeandika vile hawezi tena kukosa swali lile, kwa lugha yoyote utakayomuulizia, maana sasa anajua anatafuta nini.

Baadaye nikawapeleka pwani. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na kina mama wako mashambani mwao wanafunga mwani kwenye kamba. Nusu ya darasa langu mama zao wanalima mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara hapa Zanzibar mwaka 1989, basi watoto hawa wamezaliwa wakakuta kamba zimekwisha tandikwa. Niliwaambia: andika unachokiona, si unachokijua. Mmoja aliandika "nimeona mwani" mara tatu, kwa mistari mitatu. Mwengine, mtoto wa mvuvi, mkorofi, aliandika kwamba matawi yaliyo karibu na kijiti ni meupe kwenye ncha na ukiyashika yanakatika, ila ya katikati ya kamba ni mazima. Na kwamba maji ya kidimbwi alichosimama yalikuwa ya moto kuliko ya mkondoni. Hapo, Mhariri, ndipo sayansi inapoanza. Mwani unaonyong'onyea na kugeuka mweupe ni jambo wataalamu wanalihusisha na joto la maji na mabadiliko ya chumvi, na yule mtoto alikuwa amekanyaga nusu ya jibu kwa miguu yake. Mwaka uliopita ningempa notsi za magonjwa ya mimea akanakili.

Katika maandishi ya siku nyengine, tulipokuwa kwenye mada ya uzazi, mmoja aliandika "mbuzi wetu kavyaa mapacha". Mkono wangu ulikwisha fika na kalamu nyekundu. Mwalimu wangu mimi, wakati ule, aliniandikia "lugha mbovu" kwa neno hilo hilo. Lakini hapa kwetu mbuzi anavyaa, na bibi yangu alivyaa watoto tisa, hapana aliyezaa. Niliiacha. Pembeni nikaandika: "Kwenye mtihani andika amezaa." Watoto lazima wajue kwamba kuna neno la nyumbani na neno la mtihani, na kwamba lile la nyumbani si chafu. Ukilifuta la nyumbani, mtoto anafunga na mdomo, na fikra aliyokuwa nayo inaondoka na neno lake.

Jambo hili si la bailojia peke yake, na ndiyo sababu nakuandikia wewe, sikuishia kuwaambia wenzangu wa sayansi. Mwenzangu wa hesabu alinicheka mwanzo, akasema namba hazina sarufi. Nikamwomba awape vijana wake swali hili kwa Kiswahili: karafuu mbichi kilo 36 zilianikwa, uzito ukapungua hadi theluthi moja, zimebaki kilo ngapi? Kisha awape jengine: uzito ukapungua kwa theluthi moja. La kwanza jibu ni 12, la pili ni 24. Wengi walijibu 24 kote kuwili. Watoto wa Pemba hawa, waliokulia juu ya majamvi ya karafuu! Ukimuuliza mmoja wao nje ya darasa, kilo tatu mbichi zikikauka zinatoa ngapi, anakujibu moja kabla hujafunga mdomo. Hesabu anaijua. Kilichomtupa ni "kwa" na "hadi". Na huyo mwenzangu aliniambia jambo lililonichoma, kwamba katika kusomesha kwake kote hajawahi kusimama juu ya "hadi" hata dakika moja, kwa sababu si ya hesabu.

Wa historia yeye hakuhitaji kushawishiwa. Anasema wanafunzi wake wanajua kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, wanajua pia kwamba Pemba ilikuja kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu, lakini wanaziandika habari hizi mbili kama majirani wasiosalimiana. Hakuna "kwa hiyo" baina yao. Sasa naye ameanza dakika zake kumi, ila siku ya Jumatano, tusigombanie buku moja.

Tabu zake zipo, sitaki kukudanganya. Buku 58, hata kila moja ukilipa dakika tatu, ni dakika 174, karibu saa tatu, na mimi nyumbani nina mtoto mdogo na sufuria jikoni. Nilijaribu wiki mbili nikashindwa. Sasa nasoma mabuku kumi tu kwa wiki, kwa zamu, na katika wiki sita nimewapitia wote. Yaliyobaki wanasomeana wenyewe wawili wawili, kila mmoja anampigia mwenzake mstari chini ya sentensi ambayo hakuifahamu. Sio kusahihisha, kupiga mstari tu. Kuna wanaopiga mistari kwa ugomvi wa mpira, hilo nalo nimeliona.

Tabu kubwa ni silabasi. Dakika kumi kila wiki, kwa muhula mzima, ni vipindi vitatu hivi vilivyokwenda. Nimechelewa mada moja. Alipokuja mkaguzi aliniuliza kwa nini notsi zangu ni chache kuliko za Kidato cha Pili kingine. Nikamwambia, tafadhali geuza buku, angalia nyuma. Aligeuza, akaona mwandiko mbaya, makosa, mistari ya wenzao chini ya sentensi. Akaniuliza, "Hii umesahihisha?" Nikamwambia hapana, nimeisoma. Aliandika kitu kwenye fomu yake ambacho sijakiona mpaka leo. Simlaumu, fomu yake ina nafasi ya idadi ya kazi zilizosahihishwa, haina nafasi ya kazi zilizosomwa.

Basi ombi langu kwa wakubwa wanaosoma gazeti hili ni dogo na halina gharama ya saruji. Kwenye fomu ile iongezwe mstari mmoja: je, mwanafunzi ameandika sentensi zake mwenyewe katika somo hili? Na vyuo vinavyotutoa walimu, vya sayansi khasa, vimfunze mwanachuo namna ya kumkalisha mtoto mbele ya ukurasa mmoja wa kitabu cha somo lake mpaka mtoto ajue mwandishi anadai nini na anathibitisha kwa hoja gani. Mimi nilipokuwa mwanachuo nilifunzwa kumpasua chura. Nimefanya kazi kote huko sijapata kumpasua chura hata mmoja, skuli yangu haina hata visu. Ukurasa wa kitabu naukuta kila siku.

Na kwako Mhariri ninalo moja. Wauza karanga wa hapa kwetu hufungia bidhaa zao kwa magazeti ya zamani, na mimi nimezoea kuzikunjua zile karatasi na kuzipeleka darasani, mafuta na chumvi zake, maana ndizo karatasi za Kiswahili za watu wazima ambazo wanafunzi wangu wanaweza kuzishika bila kugawana watano watano. Wanazipenda. Wamekuja kuniuliza kama gazeti hupokea maandishi ya watoto. Nimewaambia nitauliza, ndiyo nauliza. Ninayo bahasha yenye maandishi kumi na mbili: moyo, mwani, jani la muhogo, na yule mbuzi. Ukiyataka nitakuletea. Nukta na herufi kubwa nitaziweka sawa, ila mbuzi atabaki kavyaa.

Mwalimu wa bailojia,
Wilaya ya Wete, Pemba.